Harusi Zilizomo Kabatini



Katika nyumba nyingi za pwani yetu liko kabati la kioo, na ndani ya kabati hilo, nyuma ya vikombe vya kahawa vitolewavyo siku za Idi tu, mna mfuko uliojaa diski. Hizo ndizo DVD zetu. Juu yake pameandikwa kwa kalamu ya wino mzito: Harusi ya fulani, Sehemu ya Kwanza, Harusi ya fulani, Sehemu ya Pili, Maulidi ya mtaani, Safari ya Hija. Deki ya kuzichezea iliharibika zamani, na fundi aliyekuwa akiitengeneza siku hizi anauza vifuniko vya simu. Watoto wanazisikia khabari zake kama wanavyosikia khabari za majahazi.

Ndipo ukawasikia vijana wakisema: "Zigeuzeni, ziingie katika simu." Neno hili ni jepesi ulimini, na kazi yenyewe si nzito kama wengi wadhanivyo. Lakini ndani yake mna jambo ambalo sijalisikia likitajwa barazani wala msikitini, nalo lahusu sitara ya mama zetu na dada zetu na binti zetu. Nitaanza na kazi yenyewe, kwa kuwa asiyeifahamu kazi hawezi kuona hatari yake imekaa wapi.

DVD ilianza kuuzwa Japani mwezi wa Novemba 1996. Ni sahani yenye upana wa sentimita 12, na ile ya kawaida ya tabaka moja huchukua GB 4.7. Picha zilizomo zimefinywa kwa mtindo uitwao MPEG-2, uliofaa kwa televisheni za zama zile. Simu za leo zapendelea mtindo mwingine, H.264, uliokamilishwa mwaka 2003, ambao aghalabu huwekwa katika faili la MP4, na ambao hutoa picha ya kadiri ile ile kwa nafasi ndogo zaidi. Kwa hivyo kugeuza diski si kunakili tu. Ni kufasiri. Picha hutolewa katika lugha moja ikatiwa katika lugha nyingine, na kila aliyepata kufasiri kitabu ajua kwamba hapana tafsiri isiyoacha kitu nyuma. Anayefasiri vizuri huacha kidogo; asiyejua huacha nusu.

Na wasiojua ni wengi. Ukiifungua diski ya harusi katika kompyuta hutaona faili moja lenye jina la harusi. Utaona folda iitwayo VIDEO_TS, na ndani yake mafaili yenye majina kama VTS_01_1 na VTS_01_2 na kuendelea, ambayo hapana hata moja linalozidi GB 1, kwani ndivyo kanuni ya DVD ilivyowekwa. Harusi moja basi imekatwa vipande vinne au vitano. Nimewaona watu walionakili kipande cha kwanza, wakaridhika, wakaitupa diski. Na katika kipande hicho bibi harusi bado hajatoka ndani! Iko programu ya bure iitwayo HandBrake, iliyoanza mwaka 2003, ambayo huisoma folda nzima na kuitoa kama faili moja. Ndani yake mna kipimo cha ubora kwa namba. Kwa picha za diski kama hizi wenye programu hupendekeza namba baina ya 18 na 22: namba ikiwa ndogo picha huwa safi na faili huwa kubwa, na namba ikipanda mambo hugeuka.

Liko jambo jingine ambalo limewasumbua wengi. Diski zetu za huku zimerekodiwa kwa mtindo wa PAL: mistari 576, picha 25 kwa sekunde, na mara nyingi kila picha imegawanywa nusu mbili, mistari ya shufwa upande mmoja na ya witiri upande wa pili. Televisheni ya zamani ilizionyesha nusu hizo kwa kupokezana, upesi hata jicho lisitambue. Simu huzionyesha pamoja, na mtu akitembea ukingo wa nguo yake huota meno kama kitana. Programu inayo sehemu ya kuyaondoa meno hayo, na asiyeitumia hulaumu kamera. Wala usimsikilize anayekwambia kwamba kwa malipo zaidi atakuongezea mistari iwe mingi kama ya sinema za leo. Hiyo ni kutia maji katika maziwa ukasema maziwa yameongezeka.

Tena usiitupe diski baada ya kuigeuza. Mwaka 2005, ilipotoka iPod ya kwanza ya kuonyesha video, kioo chake kilikuwa na nukta 320 kwa 240, na simu nyingi za wakati ule zilikuwa na kioo kidogo kuliko hicho. Waliogeuza harusi zao kwa kipimo cha vyombo vile, wakaona wamemaliza, leo wana harusi ya ukubwa wa stempu ya posta.

Ama diski za kununua dukani, za filamu na mfano wake, hizo zina khabari nyingine. Nyingi zimetiwa kufuli ya siri na wenye kazi, na zaidi ya hiyo zimegawanywa kwa maeneo ya dunia, ndiyo sababu aliyenunua diski Muscat akaileta Mombasa huenda akaiona inakataa, kwani Oman iko eneo la 2, nasi Kenya na Tanzania tuko eneo la 5. HandBrake yenyewe haifungui kufuli hiyo. Kazi ile ni mali ya mtu na ina haki zake, na mlango huo sitauingia leo.

Diski ya harusi haina kufuli yoyote. Hapo ndipo ninapotaka tukae, ndugu msomaji, tusiondoke upesi.

Kufuli yake ilikuwa ni kabati. Siku ya kupamba, wajua mwenyewe, wanawake huingia mahali pao peke yao, buibui hutundikwa, vito hutoka, nywele huonekana, na mwenye kucheza hucheza. Katika harusi ninazozijua mimi aliyepiga picha alikuwa mwanamke mwenzao, na mlangoni walikaa kina mama wawili wasiomruhusu mtu kuingia na kamera nyingine. Kisha diski zikatoka mbili au tatu, ya nyumba ya mke na ya nyumba ya mume na labda ya shangazi aliye mbali. Atakaye kutazama sharti aje, aketi na kina mama, deki iwashwe, watoto wa kiume watolewe. Uzito wa chombo chenyewe ulikuwa mlinzi. Waliokubali kupigwa picha siku ile waliukubali mlango ule na kabati lile, wala hawakukubali zaidi ya hapo.

Kuigeuza diski ni kuiotesha mbawa. Tangu mwaka 2022 WhatsApp imeruhusu faili la hadi GB 2 kupelekwa mara moja, na harusi ya saa mbili, ikigeuzwa vizuri, mara nyingi haifiki hapo. Yaani kupamba kote, na wanawake wote waliokuwamo, kwa kidole kimoja.

Miaka michache iliyopita walinijia barazani mume na mkewe, watu wa heshima katika mtaa. Yule mama hakuwa bibi harusi wala jamaa wa bibi harusi. Alikuwa jirani aliyealikwa, akavaa, akajifukiza, akaenda, akacheza na wenziwe. Ilikuwa zamani, hata mwenyewe alikuwa amekwisha kuisahau siku hiyo. Kisha ndugu wa mume akamwonyesha mume simu yake, akamwuliza: "Huyu si shemeji?" Kipande cha dakika tatu. Kimefika kwake kutoka kwa mtu, naye kakipata kwa mtu.

Tulikifuata nyuma, mlango kwa mlango. Wenye harusi walisema: sisi tulimpa fundi atugeuzie diski. Fundi akasema: mimi niligeuza nikawapa fleshi yao, lakini kompyuta yangu huitumia pia kijana wa duka. Kijana akasema: nilimtumia rafiki mmoja tu. Rafiki mmoja tu! Nikamwuliza kama aweza kukirudisha. Akatazama miguu yake. Mume, Mungu amjazi kheri, hakumwambia mkewe neno moja la lawama, na mbele yangu alimwita kwa jina lake la mapenzi kama aliyekusudia nisikie. Lakini yule mama tangu siku hiyo haendi harusini. Ukimwalika hutuma zawadi kwa mkono wa mtoto.

Simsemi fundi kwa ubaya wote. Huenda hakujua ya kwamba kulifuta faili katika kompyuta si kuliondoa. Huenda kwanza katika pipa la taka la kompyuta, na hata likitolewa pipani, katika diski ngumu za kawaida laweza kuokolewa mpaka pale mahali pake paandikwe kitu kingine. Na simu nazo zina tabia yake: ikiwa imewashwa huduma ya kuhifadhi picha mtandaoni, kila video iingiayo huenda ikapandishwa huko pasipo mwenye simu kuguswa bega. Mtu husema "Nimeweka katika simu yangu tu," na kumbe iko mahali pawili tayari.

Utaniambia: "Sheikh, ikiwa ni hivyo basi tuzivunje diski hizi tupumzike." Nami nitakwambia: la, usizivunje. Zinavunjika zenyewe. Diski iliyorekodiwa nyumbani au kwa fundi wa harusi ina tabaka la rangi maalumu, na leza ndiyo iliyoandika juu yake kwa kuiunguza. Jua na joto huidhoofisha rangi hiyo, nasi tunaishi pwani, na makabati yetu yako karibu na madirisha. Mkwaruzo mmoja mrefu wa kuzunguka nao hutosha kuipoteza nusu saa. Ukitaka kuifuta vumbi, futa kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni, moja kwa moja, wala usizungushe mkono kama unayesafisha sahani ya pilau. Wala usiibandike karatasi ya jina juu yake. Na kompyuta mpya za kubeba nyingi hazina tena mahali pa kutia diski. Chombo cha kuchomeka kwa nje kipo madukani, lakini hakitakuwapo milele. Anayengoja huenda akabaki na sahani inayong'aa isiyosema kitu.

Na yaliyomo si mchezo. Dada yangu alimwoza binti yake mwaka 2007. Mama yetu alikuwapo siku ya kupamba, akaongoza vugo akiwa ameketi, kwa kuwa miguu ilikuwa imekwisha kumchoka. Alifariki mwaka 2011. Hatuna rekodi nyingine ya sauti yake, si kanda, si chochote. Binti aliyeolewa anakaa Muscat na mumewe, na diski aliyokwenda nayo ilivunjika katika kuhama nyumba. Ya nyumba ya mume haionekani. Imebaki ya dada yangu peke yake.

Binti akanipigia. "Mjomba, shikamoo. Mwambie mama aipeleke mjini igeuzwe, anitumie yote. Nataka wanangu wamwone bibi." Nikamwitikia marahaba, nikamwambia nitasema na mamake. Dada yangu alikuwa amekwisha kwenda dukani, na mwenye duka kamwambia aache diski aje kesho. Akairudisha katika mkoba. "Kaka," aliniambia, "nilimwona kijana wake anavyoitazama ile diski, nikatoka."

Tukafanya hivi. Ndugu yetu mdogo ana binti aliyesomea mambo ya kompyuta. Akaja nyumbani kwa dada na kompyuta yake na chombo cha kusomea diski alichoazima kwa mwenziwe, akakata mtandao kabla ya kuanza, akafunga mlango. Mimi nilikuwa ukumbini nje, kwani harusi ile sijapata kuiona wala si yangu kuiona. Diski ilisoma yote ila dakika chache za mwanzo. Kisha dada akakaa na binti yule, wakaandika katika daftari majina ya kila mwanamke ambaye sura yake yatambulikana. Walifika thelathini na kitu.

Dada yangu akaanza kuzunguka. Ilimchukua wiki mbili, na nadhani alizifurahia, kwa kuwa baadhi ya nyumba hizo hakuwa amezikanyaga kwa miaka. Wengine walisema hapana neno, na mmoja akamwambia: "Basi na mimi nitumie, nilikuwa na kiuno siku hizo." Wengine walisema atazame binti na wanawe tu. Wawili walikataa kabisa, na mmoja wa hao wawili hakutoa sababu wala dada hakumwuliza. Waliokufa walikuwa watano. Hapo wakaja kuniuliza mimi. Nikasema: aliyekufa hana ulimi wa kuruhusu, na alipoiweka heshima yake mikononi mwetu aliiweka chini ya masharti ya siku ile, basi masharti yabaki.

Katika kupamba kule kote, kilichopatikana kisichokuwa na mtu ila waliokubali ni dakika tisa: mama amekaa juu ya kiti, na wanawake wawili kando yake, na mkono wa mtu wa tatu ambaye haonekani uso. Dakika hizo tisa ndizo zilizokwenda Muscat. Faili zima limewekwa katika fleshi mbili, moja kwa dada, moja kwa mke wangu, na kompyuta ya binti ikasafishwa mbele yao.

Mpwa wangu hakuridhika. Alinipigia tena, na safari hii hakukawia katika salamu. "Mjomba, harusi ni yangu! Nimeolewa mimi, mahari yangu, picha baba alizilipia. Mtu wa nje aninyime harusi yangu?" Nikamwambia: "Harusi ni yako, mwanangu, hapana aliyekunyang'anya. Lakini nyuso za watu hazikuingia katika mahari." Akasema wenziwe wote wanazo harusi zao katika simu na hapana kilichowafika. Nikasema huenda ni kweli. Akasema simu yake haishikwi na mtu. Nikamwuliza wanawe wana umri gani, na ni nani anayewawekea michezo katika simu hiyo. Akanyamaza, kisha akasema ataizungumza na mamake, na mpaka sasa ninavyoandika wanaizungumza. Amepata ahadi kwamba akija atafunguliwa yote aitazame nyumbani na watu wake wa kike. Yeye aona hiyo ni hukumu ya kizamani, na pengine msomaji wangu kijana aona hivyo hivyo. Namfahamu. Ni mwanamke mzima aliye mbali na kwao, ameiomba siku yake mwenyewe akapewa dakika tisa. Nimeipima mara nyingi, kwa kuwa nampenda, na kila nikiipima namwona yule mama wa pili anayetuma zawadi kwa mkono wa mtoto.

Mimi nami nilipata fungu langu. Ziko programu ziwezazo kuitoa sauti peke yake na kuiacha picha, jambo ambalo sikulijua. Baada ya vugo mama alimwombea dua bibi harusi, na binti wa ndugu yangu akanikatia dua hiyo, dakika mbili na nusu, sauti tupu, akanitilia katika simu. Katikati ya dua mama anakatiza kumwambia mtu aizime feni, inampuliza mgongoni. Kisha anakohoa, anaendelea pale pale alipoachia, hakuruka neno. Alikuwa hivyo.

Katika mfuko wa dada zimebaki diski kumi na nne. Binti amesema atakuja Jumamosi na daftari lake. Ya kwanza itakayotoka ni ya nikahi ya kijana wetu, ya wanaume watupu, msikitini, na hiyo nimeomba niitazame mwenyewe, ikiwa bado inasomeka.